Plasta ya ganzi kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi

Mkanda wa jeshi ukipona, malengelenge hukauka, ngozi hufunga, na watu wa nyumbani hudhani yameisha. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye umri mkubwa, ndipo taabu ya pili inapoanza. Ubavu unaunguza usiku kucha, mara unapiga shoti, na shati likigusa tu ngozi mtu anaruka. Maumivu hayo yakivuka miezi mitatu tangu upele utoke, huhesabiwa kuwa maumivu sugu ya neva, na hapo Panadol na diklofenaki hazifui dafu.

Plasta ya ganzi ilitengenezwa kwa ajili ya maumivu ya namna hii. Dawa iliyomo ni lidokeini, ileile ambayo daktari wa meno humchoma mtu kabla ya kung'oa jino. Kwenye hospitali zetu nyingi huitwa lignokeini. Mkemia Nils Löfgren aliitengeneza huko Uswidi mwaka 1943, na plasta yake yenye nguvu ya asilimia 5 ikaidhinishwa Marekani mwaka 1999, mahsusi kwa maumivu yanayofuata mkanda wa jeshi. Nasema mapema ili mtu asipoteze hela: hii ni dawa ya eneo dogo na ya maumivu ya aina moja. Si ya kila kiungo kinachouma.

Kwanza hakikisha maumivu yako ni ya ngozi na neva

Virusi vya tetekuwanga, ambavyo ndivyo huleta mkanda wa jeshi, hata kama uliugua utotoni, hubaki vimejificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo. Kinga ikishuka, kwa uzee, kwa VVU au kwa dawa kali kama za saratani, huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana upele hukaa upande mmoja wa mwili. Neva iliyojeruhiwa hubaki ikituma maumivu bila sababu, mithili ya honi ya daladala iliyokwama. Lidokeini huziba vijia vya sodiamu ambavyo neva hutumia kupitisha taarifa, na neva zilizojeruhiwa, kwa kuwa hazitulii, ndizo zinazoshikwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba maumivu hupungua bila ngozi kufa ganzi kabisa. Ukijigusa na bado ukasikia mguso, usidhani umeuziwa dawa mbovu.

Sasa jipime. Chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu juu ya sehemu inayouma, kisha kipitishe upande wa pili wa mwili mahali palepale. Kama upande mgonjwa unaunguza au unachoma kwa mguso huo mwepesi, na kama unaweza kuzungushia eneo lote kwa kidole, plasta ina nafasi ya kukusaidia. Kama maumivu yako yamezama ndani, kwenye goti, nyonga au pingili za mgongo, dawa hii haifiki huko. Zipo plasta za lidokeini zinazouzwa kwa maumivu ya mgongo na viungo, na wapo wanaosema wamepata nafuu, lakini kwa maumivu hayo ushahidi wake ni dhaifu. Huko Uingereza, mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya England iliwaagiza madaktari wa kawaida wasiiandike ovyo plasta hii, ila kwa wagonjwa wenye maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi.

Nisiipambe kupita kiasi. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakukuta ushahidi wa kiwango cha juu kwa lidokeini ya kupaka au kubandika, ingawa tafiti mojamoja zilionyesha nafuu. Miongozo mingi ya maumivu ya neva huanza na vidonge kama amitriptilini, gabapentini au pregabalini, kisha plasta ndipo inapotajwa. Sababu ya kuipenda kwa wazee ni moja, nayo ni kubwa: vidonge hivyo huleta usingizi, kizunguzungu na kuanguka, wakati plasta huingiza mwilini dawa kidogo sana.

Na kama malengelenge bado yapo, weka plasta kando. Nenda hospitali haraka, kwa sababu dawa ya virusi kama asaiklova hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele uonekane. Upele ukipanda paji la uso, ukafika ncha ya pua au karibu na jicho, usingoje hata kesho. Kuna watu wamepoteza jicho kwa kusubiri.

Soma pakiti kabla ya kulipa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kuwa kwenye duka la dawa kila kitu chenye gundi kinaitwa plasta ya maumivu. Plasta tunazozizoea zaidi, zile zenye harufu kali ya karafuu-maiti au dawa ya kuchua, zina mentholi na methili salisileti. Hizo huleta ubaridi au joto na zinafaa msuli uliokazwa. Nyingine zina kiini cha pilipili na huunguza. Ukiibandika ya pilipili juu ya ngozi iliyoachwa na mkanda wa jeshi, utajuta usiku mzima. Tafuta neno lidocaine au lignocaine kwenye orodha ya viambato. Lisipokuwepo, hiyo siyo.

Kisha tazama nguvu. Ya asilimia 5 ndiyo iliyofanyiwa tafiti nyingi kwa maumivu haya. Hupima sentimita 10 kwa 14, ina miligramu 700 za lidokeini, na katika nchi nyingi huhitaji cheti cha daktari. Ya asilimia 4 huuzwa bila cheti Marekani, na ndiyo ambayo ndugu walio ughaibuni huitia kwenye begi wanapokuja likizo. Lakini asilimia peke yake haitoshi kulinganisha. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha plasta nyembamba ya asilimia 1.8, yenye miligramu 36 tu, ambayo hufikisha mwilini kiasi kilekile cha dawa kama ile ya asilimia 5, kwa sababu gundi yake inaachia dawa vizuri zaidi. Kwa hiyo fuata karatasi ya maelezo ya plasta uliyonayo, usifuate ya jirani.

Kuna plasta moja ambayo lazima itengwe kabisa na hizi: ya fentanili. Hiyo ni ya jamii ya mofini, hutolewa kwa maumivu makali kama ya saratani, hukaa mwilini siku tatu, na imetengenezwa makusudi iingie kwenye damu. Inaweza kuzima pumzi ya mtu ambaye mwili wake haujaizoea. Kama nyumbani kuna mgonjwa anayetumia fentanili, ziwekwe mahali tofauti, na anayembandikia mama au babu asome jina kila mara, hata akiwa na haraka.

Ukinunua hapa nyumbani, mwombe mfamasia akuonyeshe kama bidhaa imesajiliwa na mamlaka ya dawa: Tanzania Bara ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ni NDA. Plasta ya mtandaoni isiyo na tarehe ya kuisha muda wala namba ya toleo, mimi nisingeibandika.

Nani aanze kwa daktari

Mwenye mzio wa dawa za ganzi za jamii hii, ikiwemo aliyewahi kupata shida kwa sindano ya meno, asiitumie. Ini ndilo linalovunja lidokeini, hivyo mwenye ugonjwa mkubwa wa ini amwone daktari kwanza. Vivyo hivyo mtu anayemeza dawa za kurekebisha mapigo ya moyo, kwa sababu baadhi yake, kama meksiletini, hufanya kazi kwa njia ileile na athari hujumlishana. Mjamzito na anayenyonyesha waulize. Plasta hizi za maumivu sugu si za watoto.

Mwambie pia daktari wa meno, au yeyote atakayekuchoma ganzi, kwamba unatumia plasta. Na usichanganye plasta na krimu au spreyi nyingine yenye lidokeini siku hiyohiyo.

Kubandika

Oga kwanza, kwa sababu ukishabandika hutaruhusiwa kulowa. Ukioga maji ya moto, subiri mwili upoe na jasho likauke. Futa eneo likauke kabisa. Usipake losheni, mafuta ya nazi, Vaseline wala poda mahali hapo. Gundi haitashika, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa plasta ikishaanza kunyanyuka pembeni haina muda mrefu. Kama kuna nywele, zipunguze kwa mkasi. Usinyoe kwa wembe, maana wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo dawa hupenya kupita kiasi.

Kagua ngozi kwenye mwanga. Isiwe na kidonda, mkwaruzo, lengelenge wala ukurutu. Makovu makavu ya mkanda wa jeshi hayana shida.

Halafu chora. Chukua kalamu ya wino laini, gusa ngozi kuanzia nje kuelekea ndani, na uweke alama pale maumivu yanapoanza. Zunguka hivyo mpaka upate mpaka wote. Watu wengi hubandika pale walipokumbuka upele ulikuwa, kumbe eneo linalouma zaidi limesogea au limepungua. Plasta inafanya kazi chini ya pale ilipokaa tu, kwa hiyo sentimita chache za kukosea zinaweza kuifanya ionekane haina maana. Siku za mbele huhitaji kuchora kila mara, lakini rudia kila wiki chache kwa kuwa eneo hubadilika.

Eneo likiwa dogo kuliko plasta, ikate kwa mkasi kabla hujabandua nailoni ya chini. Plasta ya lidokeini ya asilimia 5 inaruhusu kukatwa; ya fentanili haikatwi kamwe. Likiwa kubwa, unaweza kuweka hadi tatu kwa pamoja za asilimia 5, usizidishe. Kwa za asilimia 4 zinazouzwa bila cheti, idadi iliyoandikwa kwenye pakiti mara nyingi ni ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo soma.

Bandua nailoni, laza plasta upande mmoja kwanza, kisha ishushe taratibu ili isifanye mikunjo, na uikandamize kwa kiganja kwa muda mfupi. Ikiwa ngozi haivumilii kukandamizwa, weka mkono tu juu yake. Nawa mikono hapohapo kwa sabuni. Lidokeini machoni ni hatari kwa sababu jicho likifa ganzi halisikii mchanga wala ukucha. Ikiingia, osha kwa maji mengi na ulikinge jicho mpaka hisia zirudi. Kwa maumivu ya paji la uso, plasta ikae mbali na macho na kinywa, na afadhali daktari akuonyeshe mwenyewe mara ya kwanza.

Nusu siku ndani, nusu siku nje

Kanuni ya plasta ya asilimia 5 ni moja: ikae mwilini kwa muda usiozidi saa 12, kisha ngozi ipumzike saa 12 nyingine bila plasta. Kwa hesabu yetu ya saa ni rahisi. Ukibandika saa moja jioni, bandua saa moja asubuhi. Ukiona mchana ndiyo unakutesa zaidi kwa sababu ya nguo na kazi, geuza: asubuhi hadi jioni. Wengi huchagua usiku, kwa kuwa ndipo maumivu ya neva yanapomkamata mtu na shuka likageuka adui, lakini hakuna sheria.

Ikidondoka katikati ya muda, unaweza kuweka nyingine, ila ibandue saa ileile ambayo ya kwanza ingetolewa. Usianze kuhesabu upya. Andika saa kwenye kalenda ya ukutani au weka kengele kwenye simu. Kwa mzee anayesahau, anayembandikia ndiye anayebandua, na akague mgongo mzima kabla ya kuweka mpya. Plasta ya jana iliyosahaulika chini ya ya leo ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini kubanwa hivi kwa muda? Kwa sababu usalama wa dawa hii unategemea kiasi kidogo kinachopenya. Kwenye ngozi nzima, plasta ya asilimia 5 ikikaa saa 12 huingiza takriban asilimia 3 tu ya dawa iliyomo. Plasta tatu kwa pamoja hufikisha kwenye damu kiwango cha chini sana, kama sehemu moja ya kumi ya kile kinachotumika hospitalini kutibu mapigo ya moyo yasiyo sawa. Ukiongeza muda, idadi au joto, au ukibandika juu ya ngozi iliyochubuka, hesabu hiyo inavunjika.

Joto ndilo linalosahauliwa. Usiweke chupa ya maji ya moto wala blanketi la umeme juu ya plasta, usijikande, usikae karibu na jiko la mkaa ukiwa nayo mgongoni, na usiende kuchuliwa. Usiifunge kwa nailoni ili "ifanye kazi vizuri". Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma baada ya vifo vya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine 25, waliojipaka krimu kali za ganzi miguuni na kuzifunga kwa nailoni kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Ile ilikuwa krimu, si plasta, na eneo lilikuwa kubwa, lakini dawa ilikuwa hii hii, na kilichoisukuma ndani ni kule kufunikwa. Vaa fulana ya pamba inayokaa vizuri au jitande kanga nyepesi. Inatosha.

Kubandua, kutupa na kuhifadhi

Vuta taratibu kufuata ngozi, si kwa kuikwanyua kama plasta ya kidonda. Ikishika sana, lowesha ukingo kwa maji ya vuguvugu. Kisha osha eneo kwa sabuni isiyo kali na ulikague. Wekundu kidogo unaoondoka wenyewe ni wa kawaida. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: je, pana joto, pamevimba, pamekuwa peusi au pana vipele kuliko ngozi ya jirani? Pakiwa hivyo, acha plasta mpaka patulie. Pakirudi tena kila ukibandika, hiyo si dawa yako.

Plasta iliyotumika bado imejaa dawa. Ya asilimia 5 hubaki na miligramu 665 au zaidi. Mtoto akiitafuna, au paka akaiokota jalalani, ni sumu. Ikunje ili upande wa gundi ushikane wenyewe kwa wenyewe, itie kwenye kikopo chenye kifuniko, na utupe mahali watoto wasipofika. Usiitupe chooni. Kwenye nyumba za kupanga ambako pipa la taka liko uani na watoto wanacheza hapo, mimi ningeitunza kwenye kikopo juu ya kabati mpaka siku ya gari la taka.

Mpya zibaki kwenye bahasha yake, imefungwa vizuri, kwa sababu zikikauka hazifanyi kazi. Weka mahali penye kivuli na hewa, si dirishani wala kwenye gari. Usizigandishe.

Ipe muda, lakini usiipe mwaka

Kabla ya plasta ya kwanza, andika mambo matatu kwenye daftari: maumivu ya usiku kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, saa ulizolala, na jambo moja unaloshindwa kulifanya kwa sababu ya maumivu, kama kuvaa sidiria, kulalia upande huo au kumbeba mjukuu. Jaza kila asubuhi. Wiki mbili hadi nne zinatosha kujua. Namba zikishuka hata kama hazijafika sifuri, na lile jambo la tatu likaanza kuwezekana, endelea na umwonyeshe daktari daftari. Baadaye jaribu kupunguza: siku moja bila plasta, kisha mbili, maana maumivu haya kwa wengi hufifia na wakati na hakuna haja ya kubandika kwa mazoea. Namba zisiposhuka, acha. Plasta ni ghali, na fedha hiyo ina kazi nyingine kwenye matibabu yako.

Ukiendelea na amitriptilini au gabapentini uliyoandikiwa, usiikatishe ghafla eti kwa kuwa sasa una plasta. Vinaweza kutumika pamoja, na daktari ndiye atakayepunguza.

Dalili za kubandua mara moja

Midomo na ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, kuona maruwiruwi, usingizi usio wa kawaida, kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda polepole: bandua zote, osha ngozi kwa sabuni na maji, na uende hospitali na pakiti mkononi. Kuvimba uso au kubanwa kifua ni mzio. Usiende kwa miguu. Midomo au kucha kuwa na rangi ya buluu au kijivu nayo ni ya dharura, kwani dawa za ganzi mara chache huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Degedege, au kuzimia, mlaze mgonjwa ubavu na mtafute usafiri.

Plasta ikishindwa

Rudi kwa daktari ukiwa na daftari, na uulize mambo mawili. La kwanza, kama dozi ya vidonge vya neva ilifikia kiasi cha kutosha. Wagonjwa wengi huviacha kabla havijapandishwa. La pili, kama kuna hospitali ya rufaa karibu inayotoa plasta ya kapsaisini ya asilimia 8. Dawa yake ni ile iliyomo kwenye pilipili, lakini nguvu na matumizi yake si kama ya ile ya dukani: hubandikwa na mhudumu aliyevaa glavu, kwa dakika 60 tu kwa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi, mara nyingi baada ya kupakwa dawa ya ganzi kwanza kwa kuwa inaunguza vibaya, na nafuu yake kwa wanaoipata huweza kudumu miezi mitatu. Usijaribu kuiagiza ili ubandike nyumbani. Na kama mkanda wa jeshi ulikukuta ukiwa bado kijana na hujawahi kupima VVU, omba kipimo hicho siku hiyohiyo.